Sanduku la Msajili Godhana

Wanawake wa darasa la jioni pale Garsen walimtuma Swaleha, maana alikuwa na mtoto mgongoni, na mwenye mtoto hafukuzwi mlangoni kwa mfiwa. Jambo lenyewe halikuwa siri. Maji ya El Nino yalikuwa yamemchukulia Mwalimu Kuno nyumba na cheti chake ndani. Chuo cha ualimu alichosomea nacho kilizama hadi madirishani, majalada yote yakawa uji. Sasa afisa wa elimu alikuwa anakuja Alhamisi kutoka Hola kukagua walimu. Asiye na ushahidi wa masomo yake, basi tena. Na Kuno akiondoka, darasa linafungwa, na Swaleha alikuwa amebakiza miezi minne tu afanye mtihani wa darasa la nane.

Tegemeo lilikuwa moja: makaratasi ya marehemu Godhana. Mzee huyu alisoma katika chuo hicho kilipokuwa madarasa mawili ya makuti, akarudi kuwa msajili wake kwa miaka ishirini na saba, na hata alipostaafu hakuivua tai ya chuo. Alichunga ng'ombe nayo. Kila hati iliyopita mezani pake aliinakili, akaigonga mhuri, nakala akaiweka nyumbani. Alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini.

"Mimi nilikuwa mke mdogo," alisema mjane wake, Bi Abdia, akicheka kwa sauti ya chini. "Mke mkubwa alikuwa chuo. Watoto wake ndio hao sandukuni. Fungua, mwanangu."

Sanduku la bati lilikuwa limepandishwa kwenye kenchi kabla maji hayajafika. Swaleha alimlaza mwanawe Rayyan mkekani, akaliteremsha, akafungua. Juu kulikuwa na barua za wanafunzi wa zamani, wengine wakimwita Godhana baba. Chini yake picha ya timu ya mpira, kumi na mmoja miguu mitupu, na msajili pembeni amevaa tai kama kawaida. Kisha zikaja bahasha za kaki, nene kama mikate.

"Mwalimu alimaliza sabini na nne," alisema Swaleha, akapekua. Hakukuwa na sabini na nne. Hakukuwa na mwaka wowote. Bahasha moja iliandikwa *Nzige wa Pili*. Nyingine *Kiangazi cha Ngozi*. Nyingine *Mto Ulipohama*.

"Mama, haya ni majina gani?"

"Miaka yao ya kuzaliwa. Vijana walifika bila tarehe, makarani wakawaandikia wote mosi Januari. Mzee akawaka! 'Chuo changu kina watu mia waliozaliwa siku moja, vifaranga hawa?' Akawa anamwita kila kijana, anamuuliza, mama yako alikuzaa mwaka wa nini? Akawapanga hivyo. Kuno wako ni wa mwaka gani?"

Swaleha hakujua. Lakini Kuno alikuwa mtu wa Wenje kama yeye, na alitahiriwa siku moja na Bule, mjomba wa Swaleha, maana walizaliwa mwaka mmoja. Na habari za kuzaliwa kwa Bule nani hakuzijua pale kwao? Bibi alizirudia kila mavuno: mto uliamka umehama, shamba la ndizi likabaki ng'ambo, naye akajifungua huku akiulaani mto.

Alichukua *Mto Ulipohama*. Karatasi ya nne ilikuwa ya Kuno Shee, ina alama zake zote na mhuri wa chuo.

"Alhamdulillahi! Naomba niende nayo, mama."

"La, hasha. Mirathi haijagawanywa. Mwanangu Mahadi hajafika kutoka Mombasa. Hata sindano ya marehemu haitoki humu."

"Basi afisa aje hapa."

"Nami niko edani! Mwanamume wa kando aingie anione?"

Swaleha alimtazama Rayyan, ambaye alikuwa anatafuna ncha ya mkeka bila wasiwasi wowote duniani. Akasema, "Asiingie. Atakaa barazani, mama ukae nyuma ya pazia na sanduku lako. Mimi nitasimama mlangoni nisome."

"Wewe?"

"Mimi."

Alhamisi yule afisa, Bwana Ngumbao, alifika na viatu vya matope, amechoka. Darasa zima lilikuwa limejaa uani, Kuno amesimama nyuma kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Nimesoma vyeti wilaya nzima," afisa alilalama. "Sijawahi kusomewa."

"Leo utasomewa, baba," sauti ya Bi Abdia ilitoka nyuma ya pazia. "Kaa, kigoda hakiumi."

Swaleha alimhamishia Rayyan nyonga ya kushoto, akaanza. Kiingereza cha juu ya karatasi alikipita polepole, kama avukaye matope kwa vigogo. Jina. Namba ya usajili. Hesabu, sitini na nane. Chini kulikuwa na mwandiko wa Godhana mwenyewe, kwa Kiswahili, na hapo sauti yake ikafunguka: "Kijana huyu anawafundisha wapishi wetu kusoma, bila kuagizwa na mtu. Mahali popote atakapopelekwa, asinyimwe darasa."

Afisa alinyoosha mkono. Swaleha alimsogezea karatasi usoni lakini hakuiachia. Bwana Ngumbao akainama, akakagua mhuri, akalinganisha namba na ile ya kwenye orodha yake, akarudia tena. Kisha akatoa kalamu, akaandika mbele ya jina la Kuno, akatia sahihi.

Wanawake walipiga vigelegele hadi Rayyan akalia.

"Na wewe msomaji," afisa aliuliza akifunga faili, "uko darasa la ngapi?"

"La nane, Bwana afisa. Mtihani ni Novemba."

"Utapita?"

"Nitapita," alisema Swaleha. "Mwalimu ninaye."