Gari Isiyo na Nyuma

Dada yangu Edah aliposema anataka kuagiza gari ya viti viwili kutoka Japan, watu wa kwetu Myanga waliuliza swali moja tu: jeneza litakaa wapi.

Usicheke, bana. Kwetu hilo ni swali la maana. Gari si ya mwenye gari. Mwenye gari ni yule anayeweka mafuta na kubadilisha tairi, halafu ukoo unaendesha.

Edah alikuwa amejifunza hayo na pikapu. Aliinunua wakati anaanza biashara ya kukoboa mahindi huko Kachibora. Alikuwa na trekta na mashine, msimu wa mavuno anazunguka mashamba ya Cherangany, na pikapu ilikuwa ya kubeba dizeli na vipuri. Hivyo ndivyo alidhani. Kumbe amenunulia ukoo gari ya mochari. Mtu akifa Bungoma, kabla mjane hajaambiwa, mwenye pikapu ameshaambiwa. Yale majani ya kuonyesha kuna maiti yalikaa kwa bampa mpaka nikaanza kufikiri yanamea hapo.

Na kulikuwa na mpangilio. Wanaume mbele na dereva, wakiongea siasa. Wanawake nyuma na jeneza, wakilia na kumeza vumbi. Edah mwenyewe, ambaye kitabu cha gari kina jina lake, alikuwa anapanda nyuma, kwa sababu mbele kumejaa wazee.

Halafu ikakuja ile malaria. Ilimpata Kachibora katikati ya mavuno, akaanza kuongea na watu ambao hawako. Pikapu ilikuwa Chwele, imepeleka maiti ya mtu ambaye mpaka leo hatujui ni wetu kwa upande gani. Kiplimo, dereva wa trekta, alimpandisha kwa treila juu ya mahindi ambayo hayajakobolewa, akamkokota mpaka Kitale. Dada alifika hospitali nywele imejaa maganda. Nesi akauliza kama ameletewa mgonjwa ama mavuno.

Mimi nilicheka. Edah akanitazama kutoka kwa kitanda, nikaacha.

Pikapu yenyewe ilikufa mwaka uliofuata, ikipanda mlima na jeneza nyuma, na wazee wakailaumu kwa kuchelewesha mazishi.

Mimi naitwa Khaemba, na wakati huo nilikuwa msaidizi wa Edah, kama unaweza kuita hivyo. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa mwaka wa tisini, tukatumwa nyumbani tungoje redio itwambie turudi. Redio ilisema. Mimi sikusikia vizuri. Kufika tisini na tano nilikuwa bado nangoja irudie.

Mwaka huo ndio magari yaliyotumika ya Japan yalikuwa yanaingia kama nzige. Kitale kulikuwa na mtu anaitwa Wahome, ofisi yake nyuma ya duka la mbegu. Ukienda kwake anakupa kitabu cha picha, unachagua, anaagiza, unangoja meli. Tulienda kuangalia pikapu. Edah alikuwa anafungua kurasa, pikapu, pikapu, halafu akasimama kwa moja. Toyota ndogo, nyekundu, imelala chini kama paka ambaye ameona kifaranga.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni ya vijana wa Nairobi, mama," Wahome akasema. "Endelea, pikapu kubwa ziko huko mbele."

"Nimeuliza hii ni nini."

"Ni ya spoti. Ina viti viwili, injini iko nyuma ya viti. Inakimbia sana, lakini hapa kwetu utakimbilia wapi na ng'ombe ziko barabarani."

"Nyuma watu wanakaa wapi?"

"Haina nyuma, mama."

"Haina kabisa?"

"Hata ukitaka kubeba mbuzi, haina."

Edah akafunga kitabu, lakini kidole chake kilibaki ndani, kwa ukurasa huo. Wahome akasema yule muuzaji wa Japan hawezi kuiweka, anataka jibu Jumatatu. Dada akasema Jumatatu atakuja.

Habari ilifika Myanga kabla yetu. Sijui inapitia wapi. Mzee Wabwile, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, akatuma mtu: Edah asiagize chochote kabla hatujakaa chini. Jumapili, baada ya kanisa.

"Khaemba, niambie ukweli," Edah akaniuliza. Tulikuwa tumekaa kwa duka la chai hapo Kachibora. "Ni ujinga?"

"Ni ujinga kabisa. Ile barabara ya murram ya nyumbani, mvua ikinyesha, hiyo gari italala hapo kama kiatu imepotea."

"Mm."

"Na kazi utaifanya na nini?"

"Kazi ina trekta. Siongei juu ya kazi." Akazungusha kikombe. "Nataka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hakuna mtu anaweza kuniomba."

"Basi nunua. Shida iko wapi?"

Akaangalia ndani ya kikombe. Alikuwa ametoka kwa bwana huko Webuye bila mtoto, akarudi nyumbani, na binti aliyerudi nyumbani anazikwa hapo kwa ruhusa ya wazee. Wakikataa, hakuna mahali. Kule Webuye wameshaoa mwingine. Hilo ndilo lilikuwa kwa kikombe chake, si chai.

"Wakisema hawatanizika?" akauliza.

Mimi ni mtu wa mzaha. Nikatafuta mzaha.

Nilimtangulia Myanga Jumamosi. Vipimo vya ile gari nilikuwa nimeandika kwa kiganja tukiwa kwa Wahome. Nikaomba majivu kwa jikoni ya senge Peris, dada ya baba, nikaanza kuchora gari kwa uwanja, kipimo chake chenyewe. Urefu kama ng'ombe wawili wamefuatana. Upana unaweza kurukwa na mtoto. Nikaweka usukani wa mawe madogo na viti viwili vya kienyeji, vile vya miguu mitatu.

"Unapanda nini hapo?" senge akauliza mlangoni.

"Napanda gari, senge."

"Chuo ilikuharibu," akasema, akarudi ndani kupika.

Jumapili wazee walitoka kanisani na makoti yao. Mzee Wabwile alikuwa wa kwanza kufika kwa majivu. Akazunguka, fimbo nyuma ya mgongo.

"Hii ni kaburi ya nani?"

"Ni gari ya Edah, Baba. Kipimo ni hicho hicho."

"Ndogo namna hii?"

"Na hapo umesimama ni kwa injini. Utaungua."

Akaruka kando. Halafu akakumbuka ni majivu, akanitazama kama mtu anahesabu fimbo. Mdogo wake, baba mdogo Masika, alijifanya anakohoa.

Nilidhani mambo ni hivi: wataona hakuna mahali pa kuweka hata kuku, watatukana kidogo, watachoka, Edah ataenda Jumatatu. Sikujua wazee wangu. Mzee Wabwile aliangalia vile viti kwa muda, akaingia ndani ya majivu, akakaa kwa kiti cha dereva, magoti karibu na kidevu.

"Ni kampuni gani hii?"

"Toyota," nikasema.

"Si mngesema. Toyota haishindwi na kitu. Tutaweka keria hapa juu, jeneza tunalifunga na kamba ya katani. Masika, kuja uone."

Masika akaingia akakaa kwa kile kingine. "Juu itaingia vizuri," akasema, akiangalia hewa. "Shida ni jeneza la mtu mrefu. Litachungulia mbele."

"Dereva anainama kidogo tu."

"Na tukienda kuongea mambo ya mahari, ni mimi na wewe."

"Wewe kwani ni nani? Ni mimi na mwenyekiti wa ukoo."

"Mwenyekiti ana baiskeli."

"Wazee wangu," nikasema, "mkikaa hivyo nyinyi wawili, Edah anakaa wapi?"

Wakafikiri. Walifikiri kweli, sitawasingizia.

"Edah atapanda boda boda ya baiskeli," Masika akasema. "Boda boda ziko mingi siku hizi."

Edah alikuwa amesimama kando ya nyumba muda huo wote, mkoba kwa kwapa. Akaja mpaka mahali nilikuwa nimechora mlango, akasimama nje yake.

"Baba, simama."

"Nini?"

"Simama. Hiyo kiti ni yangu."

Mzee hakusimama. "Nakhungu, mwana wangu," akasema, akimwita Edah kwa jina la nyumbani, "sisi tumeshakubali. Leta gari. Kuna neno gani tena?"

"Neno ni keria. Haitawekwa. Neno lingine ni maiti. Haitabeba. Haitaenda mochari, haitaenda mahari, haitapeleka mtu kliniki ya meno Bungoma. Kwa hiyo gari nitakaa mimi. Hapo kando nitaweka mkoba, ama mtu nimependa mwenyewe."

"Sasa hiyo ni gari ama ni kiburi?"

"Ni kiburi. Inatoka Japan, na ni nyekundu."

Watu walikuwa wameanza kusimama kwa ua, wale wametoka kanisani na hawana haraka ya kufika kwao. Mzee Wabwile akaona macho. Akasimama polepole, bila kutoka ndani ya majivu.

"Edah. Hapa mtu anabebwa kwa sababu alibeba. Ukileta hiyo kitu, usiingize kwa hii boma. Na siku yako ikifika, usitume mtu kwetu."

Mimi niliangalia chini. Hiyo ndiyo ilikuwa kwa kikombe, na sasa imemwagwa mbele ya kanisa nzima.

"Nimewabeba," Edah akasema. Sauti yake haikupanda. "Sitaki kuhesabu. Mnawajua, wako hapa chini ya ardhi kutoka Myanga mpaka Chwele. Halafu nilikuwa mgonjwa mimi. Nililala juu ya mahindi kama gunia, nikiwa hai, Baba, nikiwa hai, na gari yangu iko kwa mazishi na nyinyi mko mbele mnaongea siasa. Nikishakufa mnibebe mnipeleke wapi? Nitupeni. Mtaona wenyewe kama mtaweza kulala na mimi nimelala barabarani."

"Usiongee hivyo," Masika akasema.

"Nimeshaongea."

Hapo ndipo senge Peris alitoka jikoni. Alikuwa anafuta mikono kwa leso, na nilijua anakuja kumaliza maneno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya masenge. Nilimwona akiangalia majivu yake, upande huu, upande ule, kama mtu anatafuta kitu kimeanguka.

"Khaemba, nyuma iko wapi?"

"Haina, senge. Iko na mbele tu."

"Iko na mbele tu?"

"Mbele tu."

"Wabwile," akasema, na hakumwita mzee, alimwita vile walikuwa wakiitana wakichunga ng'ombe. "Wewe umewahi kukaa nyuma na maiti?"

"Peris, haya si maneno ya..."

"Mimi nimekaa. Mama yetu alinilalia kwa miguu kutoka Bungoma. Kila shimo barabarani jeneza linanigonga hapa." Akagusa mguu chini ya goti. "Wewe ulikuwa mbele. Nilikuwa nasikia mkicheka."

Senge akageukia kile kiti kingine.

"Masika, toka hapo."

Masika akatoka, na akatokea mlangoni kabisa, hakukanyaga majivu. Senge akainama, akashika goti, akakaa kwa kile kiti cha miguu mitatu, akanyoosha leso. Akaangalia mbele, ambako kulikuwa na ndizi za jirani na mbwa amelala.

"Wabwile, na wewe toka. Mwenye gari anangoja."

Alitoka. Sitasema alitoka kwa sababu amekubali, hakukubali, alienda moja kwa moja mpaka njiani bila kula, na Masika akabaki katikati, anaangalia kaka yake na anaangalia jikoni, mpaka akachagua jikoni. Edah akaingia, akakaa, mkoba akauweka mapajani. Walikaa hapo wawili, na watu wa kanisa wakiwatazama kama ni picha ya sinema.

"Ile ya kuzikwa," Edah akasema chini chini. "Alisema mbele ya watu, senge."

"Amesema. Anaweza kufanya." Senge hakumdanganya. "Bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi itake."

Jumatatu tulikuwa Kitale kabla Wahome hajafungua. Alikuwa na habari njema: amepata steshen wagon nzuri, viti vitano na mahali pakubwa nyuma, mtu anaweza kulala. Edah akamwambia aondoe hiyo picha hapo mezani.

Wahome akachukua kalamu, halafu akaiweka chini. Ni mtu mzuri, alikuwa anajaribu kusaidia. "Mama, na watu wa nyumbani, wamekubali?"

"Hawajakubali."

"Sasa?"

"Sasa andika nyekundu."