Ukiitwa Masuguru

Enzi za Mwingereza, Masuguru yetu, mtaa wa Korogwe, haikuwa na cha kuringia ila watoto. Mwanao akikohoa kwako, kwa jirani wameshachemsha tangawizi. Akipotea njia, atakaripiwa na kulishwa kabla hujajua kama alitoka. Mgeni tulimdai jambo moja tu: ampitishe mtoto nyumba kwa nyumba, aonje chochote, tumjue.

Tatu hakumpitisha. Alitoka kwao Mazingara kumfuata mumewe, Sadala, kuli wa stesheni ya Korogwe, akajifungia ndani na Muhidini wake wa miaka minne. Nilimpelekea viazi vitamu, akashukuru, na kesho yake nikavikuta jalalani. Niliudhika, sifichi. Nikamwuliza kulikoni.

"Dada Mwaija, kwetu tumesikia mumiani, wale wanyonya damu za watu, wamejaa mjini," alisema bila kunitazama. "Likimpata mwanangu jambo, mimi narudi Mazingara."

"Mumiani watamwonea wapi, na hata jua halijamwona?"

Akarudisha mlango.

Alasiri moja, wingu limefunga upande wa Usambara, Tatu akapita mlangoni kwangu mbio, kichwa wazi. Alikuwa ameinama kupuliza moto; alipoinuka, mlango uko wazi na mtoto hayupo. Hakungoja msaada wetu. Alishika njia ya mtoni, maana kila mama wa Korogwe mawazo yake hukimbilia mamba kwanza.

Tukagawana vichochoro. Justa, aliyepakana naye, akatoka na unga mikononi. Mzee Petro akaacha cherehani yake barazani. Tuliita, "Muhidini! Muhidini we!" mpaka koo zikauma. Kimya. Mvua ikashuka, ile ya matone mazito, na mimi nikaogopa kwelikweli. Nilisema moyoni, huyu mtoto, mto umeshamchukua.

Tatu akarudi mikono mitupu, amelowa chapachapa, akatukuta bado tunaita. Akasimama.

"Acheni kumwita," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilimfundisha. Akiitwa na mtu asiye mimi, anyamaze, ajifiche."

Mkono uliniwasha nimzabe kofi. Nikaiona midomo yake inavyotetemeka, nikauficha mkono ndani ya kanga. Mtaa mzima ukanyamaza, ikabaki mvua.

"Muhidini," akaita. "Ni mama."

"Naam, mama."

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba ya Justa, kwenye shimo la choo lililokuwa halijaisha kuchimbwa. Justa mwenyewe alikuwa amepita hapo mara kadhaa akiita. Ukingo ulikuwa unamomonyoka, maji ya uani yanaingia, yamemfika mtoto kiunoni. Mzee Petro akalala kifudifudi kwenye tope, sisi tumemkamata miguu, akamvuta juu.

Jioni Sadala alimwambia mkewe kwamba akitaka kurudi Mazingara hatamzuia.

Asubuhi nikasikia hodi. Tatu alikuwa amemshika mtoto mkono, macho yamemvimba kwa kukesha.

"Nimemleta aonje," alisema.

Nikampa mtoto kiazi, akala. Kisha nikaingia jikoni, nikajibanza nyuma ya mlango ambako hanioni, nikaita kwa sauti ya kawaida, "Muhidini."

Kutafuna kukakoma. Nikachungulia. Mtoto alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake machozi yanamtiririka.

"Itika, baba," Tatu akasema. "Huyu ni wetu."

"Naam," akaitika, kiazi kimejaa mdomoni.