Sambaza Juu ya Bariere

Asubuhi Adolphine alichemsha kiazi kitamu, akakimenya kingali moto, akakilaza ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko mwekundu. Kando yake akapanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, kichwa kwa mkia, mpaka wakafanya duara kama jua. Akafunika, akampa binti yake Bintu.

"Usifungule mbele ya rekreasio," alimwambia. "Kuko suprizi."

Ilikuwa kawaida yao. Bintu alikuwa darasa la kwanza. Tangu vita vifunge barabara ya Luberizi, na baba yake aliyekwenda kununua mchele abaki upande wa pili, mtoto alikuwa akirudisha chakula nyumbani bila kukigusa. Miguu ikawa kama vijiti. Ndipo mama akaanza kumtegea vya kumfurahisha. Siku moja alichonga kiazi kwa umbo la ng'ombe, na saa ya rekreasio, yaani mapumziko, ng'ombe alilia kidogo kabla ya kuliwa. Siku nyingine aliweka jani la mchicha wa lenga-lenga lenye umande wa Nyantende, kijijini kwao mama. Mvua ikanyesha juu ya dawati la Bintu peke yake. Mwalimu Stanislas akasogeza madaftari, akatega ndoo, akaendelea na hesabu. Maji yale yalitosha kufutia ubao juma zima.

Bintu alikula. Mashavu yakarudi. Kwa furaha hiyo mama akaisahau bariere.

Bariere, kizuizi cha askari, ilikuwa chini ya mteremko wa nyumba yao, mti uliolazwa barabarani. Kila mpita njia alifungua mzigo wake, askari wakachukua sehemu yao. Watoto wa shule walikuwa wakipita tu. Lakini asubuhi hiyo alikuwepo komanda mpya.

"We mutoto, mu kopo kuko nini?"

"Sijue, afande."

"Hujue namna gani? Si yako?"

"Iko suprizi. Maman alisema nisifungule."

Komanda akarudi nyuma. Akapiga kelele watu wote walale. Wakalala katika tope: wanafunzi, wauza makala na magunia yao ya mkaa, na Mama Eulalie na ndizi zake.

"Afande," alisema Eulalie, kidevu chini, "mutoto wa darasa la kwanza ndiye anakukimbiza?"

"Nyamaza, maman! Grenade inapitaka vile vile, mu mikono ya mutoto!"

Bintu akabaki amesimama peke yake, bunduki zikimwelekea. Akalikumbatia kopo. Hapo askari mmoja akaweka kidole pa kufyatulia.

Adolphine aliona yote kutoka mlangoni. Alishuka mteremko bila viatu, akianguka na kuinuka.

"Iko sambaza! Afande, sambaza tu!"

"Usisogee. Afungule yeye mwenyewe. Pole pole."

"Bintu, fungula, mama."

"Rekreasio bado."

"Fungula, mama yangu."

Akafungua.

Sambaza walitoka wakiwa hai, wadogo kama vidole, wameloa, wengi kuliko kopo lingeweza kubeba. Walipanda hewani kwa sauti kama ya mchele unaomwagwa katika ungo. Walipofika juu ya ule mti waligeuka wote pamoja, na mwanga wao ukapita juu ya nyuso za waliolala. Wauza makala wakainuka, wakapiga magoti. Bunduki zikashuka moja moja. Komanda akavua kofia yake ya bere, akaishika kifuani kama mtu aliye misani kengele inapolia. Watu walitazama hivyo muda mrefu.

Kisha komanda akaivaa bere yake, akachungulia ndani ya kopo, akamega kiazi nusu, akala.

"Kesho umuambie mutoto kitu unaweka mule," alimwambia Adolphine. "Mie niko na watoto. Mwenzangu wa kesho hana."

"Ndiyo, afande."

Basi mama mwenye mtoto wa shule na asikie. Wakati wa vita mtoto asibebe kitu asichoweza kukitaja. Kinachofurahisha darasani kinaweza kumuua njiani, na si kila asubuhi samaki watatoka mbele ya risasi.

Sambaza hawakuondoka. Hata sasa wanazunguka juu ya bariere. Jioni wanaelekea upande wa ziwa kidogo, kisha wanarudi. Wanaopita na vikapu huinua macho, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Halafu wanafungua vikapu, na askari wanachukua sehemu yao.

Kila asubuhi Adolphine anamshika Bintu mabega mlangoni.

"Kuko nini?"

"Kiazi na chumvi."

"Tena."

"Kiazi na chumvi."

Bintu anashuka, anafungua kopo kabla ya kuulizwa, anasema vizuri, askari anamega, mtoto anapita. Saa ya rekreasio kopo linabaki chini ya dawati, limefunikwa. Hana haja ya kulifungua. Anajua kilichomo.