Ng'ambo ya Kiwira

Matilda alikwisha kusonga masufuria mawili ya ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano wa msaada wa mwaka huo wa njaa. Akayafunika, akavua aproni, akamwachia mwenzake mwiko. Asipoleta hati ya uraia leo Ijumaa, kazi ya kupika bwenini atapewa mwingine. Yeye alizaliwa Luanshya, Zambia, baba yake alipokuwa akichimba shaba, na ofisi ya Mbeya ilitaka mtu wa kuapa kwamba babu yake alikuwa wa hapa.

Mtu huyo alikuwa mzee Isakwisa, mdogo wa babu, aliyekuja kutoka Tukuyu na koti lake la kanisani, vumbi mpaka magotini. Walipanga foleni nje ya dirisha la ofisi mpaka jua likawafika utosini.

"Ndugu mzee," karani Liberatus aliuliza bila kuinua kichwa, "kaka yako alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo."

Kalamu ikakimbia. "Basi, imekwisha. Mama, babu yako mgeni."

"Ng'ambo ya mto Kiwira, mwanangu," mzee akasema. "Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu alijengewa huku, mama yake kule. Wakipika kande, sisi tunanusa."

"Umesema ng'ambo. Ng'ambo ni nje ya nchi."

"Kiwira iko Rungwe, ndugu," Matilda alisema. "Huku na kule."

"Nimeshaandika kwa wino. Jalada la serikali halifutwi. Lete mtu wa kumwapia baba wa huyo babu."

"Si ndiye baba yangu?" mzee akasema. "Niulize mimi."

"Wewe ni ndugu wa mgeni. Ushahidi wako umeharibika."

Mama mmoja kwenye foleni akaguna. "Na wewe karani si unakaa Iyunga, ng'ambo ya kijito? Jioni unarudi na pasipoti?"

Watu wakacheka. Liberatus hakucheka. Akasukuma kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa, kwenye fomu ya mkazi mgeni. Kazi huna, lakini hutafukuzwa nchini."

Matilda akauficha mkono ndani ya khanga.

"Siweki."

"Utajuta, mama."

"Andika Kiwira."

"Anayefuata," Liberatus akaita.

Matilda hakutoka dirishani. Nyuma yake mzee Isakwisa akaketi chini, na katika foleni nzima hakuna aliyesogea kushika nafasi yao.