Sikio Langu na Turbo ya Ronny

Nifungeni kitambaa machoni, mniletee gari lolote la kisiwa hiki, nami nitawatajia ugonjwa wake kwa sikio tu. Injini haijanidanganya hata siku moja. Wa kudanganywa ni Ronny, karani wa bandarini anayekwenda gereji na shati jeupe lililopigwa pasi. Alipoamua kuifungia Vitz yake turbo, alinifuata mimi Mji wa Kale nikamsimamie, maana yeye plagi na boliti huzitofautisha kwa kubahatisha.

Vitz, jamani. Gari la kwendea sokoni. Dada yake, Beverly, alikuwa anaolewa Jumamosi, na Ronny ameapa kumfikisha kanisani kwa kishindo, msafara wa bwana harusi ubaki nyuma ukitafuta njia. Turbo yenyewe aliileta imefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Fundi Ngowa wa Makadara aliigeuzageuza, kisha akauliza, "Hedi ya gari hili imewahi kuchongwa?"

Swali la maana, nakubali. Hapa kwetu watu hujaza rejeta maji ya kisima, yenye chumvi. Injini huchemka, hedi, yaani ule mfuniko wa juu ya silinda, hupinda, na fundi huichonga inyooke. Kila ikichongwa hupungua unene, na nafasi ya kuwakia petroli nayo hupungua. Injini iliyozaliwa kubana hewa mara kumi hujikuta inabana mara kumi na mbili. Sasa uiongezee turbo, ambayo kazi yake ni kusukumia hewa nyingine mle mle. Ni kumshindilia biriani mtu aliyetoka kula biriani, kisha ukamkalia tumbo.

"Nadhani aliyeniuzia alisema..." Ronny akaanza.

"Wewe nyamaza, uwashe," nikamkatiza.

Akawasha. Nikainama, nikafumba macho kama niliye msikitini. "Fundi, hedi hii haijaguswa tangu kiwandani."

"Una hakika?"

"Sikio hili halijakosea."

Ngowa akatutazama sote wawili. "Haya. Gari ni lenu."

Ijumaa, turbo ikiwa imeshafungwa, tukatoka kulijaribu. Ronny akanipa ufunguo, nikashika usukani mimi. Nyuma alipanda Bi Mwanaesha, muuza viazi karai, vile vya kukaanga, wa mlangoni pa gereji, aliyekuwa akipeleka beseni lake Buxton. Nilipokanyaga mafuta, injini ikaanza: ko-ko-ko, kama mgeni mwenye njaa mlangoni.

"Fahmi, inagonga," Ronny akasema.

"Hiyo ni turbo inapiga makofi. Wewe karani, utajuaje?"

"Mwanangu, punguza," Bi Mwanaesha akasema.

Nikaongeza. Karibu na Buxton ukasikika mlio mmoja mzito, gari likaruka kidogo, likazima. Moshi ukatufunika hata hatukuonana.

Tukavutwa kurudi Makadara. Ngowa akafungua injini, akatoa pistoni iliyotoboka katikati kama sufuria ya kale. Akaipima hedi. "Imechongwa mara mbili hii," akasema.

Beverly akaingia, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Akaitazama pistoni, akamtazama kaka yake.

"Kwa hiyo kesho niende kanisani kwa tuktuk?"

Ronny akainamisha kichwa. Mtu mzima, shati jeupe, anachezea kifungo. Nikaona nisimwache bibi harusi bila jibu.

"Beverly, kakako ni mbishi," nikamwambia. "Hedi ilinitia shaka tangu mwanzo. Tukiwa njiani nikamwambia, Ronny, inagonga, punguza mafuta. Yeye akazidi kukanyaga. Karani akishika usukani hudhani ni kalamu."

Ronny akainua uso, akanitazama, kisha akaanza kumwokotea Ngowa boliti. Hivyo ndivyo alivyo. Ukimwibia kofia atakusaidia kuivaa.

Bi Mwanaesha alikuwa ameketi kwenye kibao chake mlangoni, akisuuza beseni. Hakuinua hata macho.

"Beverly mwanangu," akasema, "gari liliporuka, mchuzi wangu wote wa ukwaju wa viazi ulimwagikia mabega ya aliyekuwa akiendesha. Nilimpa pole, hakuisikia."

Beverly akamzunguka Ronny taratibu. Shati lilikuwa jeupe, mbele na nyuma.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

"Fahmi," akasema, "hebu geuka."