Kibali cha Tarehe Thelathini na Moja Juni

Orrin Haskell alikuwa na ugonjwa ambao watu wa jimbo la Wyoming, Marekani, hawauiti ugonjwa: hakuweza kumwona mgeni bila kumdanganya kidogo. Wala si kwa ubaya. Huko ndivyo wanavyokaribishana. Mgeni huingizwa mkahawani, akaoneshwa kichwa cha sungura mwenye pembe kilichotundikwa ukutani, akaambiwa mnyama huyo yupo porini tele na huimba kwa sauti ya binadamu. Wenyeji wote waliopo huendelea kunywa kahawa yao, hakuna anayetabasamu. Sungura ni wa kweli. Pembe kagundisha fundi.

Tatizo ni kwamba safari hii wageni walikuwa watoto wa mke wake.

Renata alifunga ndoa na Orrin mwezi Aprili, na shule zilipofungwa akawaleta wanawe kutoka kwa bibi yao, jijini Baltimore: Corinne wa miaka kumi na Otis wa sita. Siku ya kwanza tu Orrin akawapeleka mji wa Douglas, ambako sungura huyo amejengewa sanamu, akawachukulia kila mmoja kibali cha kumwinda. Kibali kilikuwa na muhuri na sahihi, na kiliruhusu uwindaji siku moja tu kwa mwaka, tarehe thelathini na moja Juni.

Corinne aliwapigia simu rafiki zake wote. Akampigia na baba yake, yule aliyeahidi kuja Krismasi mbili mfululizo na zote mbili asitokee. Baba ndiye aliyemuuliza huku akiangua kicheko, "Kwani Juni ina siku ngapi, binti yangu?"

Renata hakucheka.

"Watoto hawa wameshadanganywa vya kutosha," alimwambia Orrin jikoni, akijiandaa kwenda zamu hospitalini. "Kesho uko nao peke yako. Waoneshe jimbo lako lilivyo, basi. Corinne akiniambia anataka kurudi kwa bibi yake, narudi naye. Na hapa sitanii, Orrin."

Kesho yake Orrin akaendesha kuelekea Mwamba wa Uhuru, ameapa moyoni kwamba leo ni kweli tupu. Hapo ndipo alipogundua kuwa kweli za Wyoming zinafanana na uongo kuliko uongo wake mwenyewe.

"Wale swala mnaowaona pale," alianza, "bara hili zima hakuna mnyama anayewashinda mbio."

"Ehee," alijibu Corinne kutoka kiti cha nyuma.

"Na kule magharibi, kwenye nyika kavu, ukipasua jiwe unakuta samaki ndani."

"Wa kukaanga au wa kuchemsha?"

"Wamegeuka mawe. Zamani sana palikuwa na ziwa."

"Hongera zao."

Otis akacheka. Hakujua kinachochekesha ni nini, lakini dada yake akisema hivyo yeye hucheka.

"Na wanawake walipewa haki ya kupiga kura hapa mwaka 1869," Orrin aliendelea, jasho linamtoka, "kabla hata hapajawa jimbo. Kwenu Baltimore walisubiri miaka hamsini zaidi."

"Tarehe ngapi? Thelathini na mbili?"

"Kumi. Desemba."

"Angalau hiyo ipo kwenye kalenda."

Mwamba wenyewe umekaa peke yake uwandani kama mkate uliosahauliwa mezani. Wahamiaji waliopita na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe walichonga majina yao juu yake. Corinne alipitisha kidole kwenye jina moja lenye mwaka 1850.

"Hili umelichonga lini? Jana usiku?"

"Ningelichonga mimi lingekuwa na makosa," alisema Orrin, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona mdomo wa mtoto ukicheza kidogo.

Kileleni walimkuta bibi mmoja mwenye kofia pana, anakula sandwichi. Corinne akamwendea moja kwa moja, mithili ya polisi aliyepata shahidi.

"Samahani, bibi. Wewe ni mtu wa Wyoming?"

"Miaka sabini na tisa sasa, mjukuu wangu."

"Kuna samaki ndani ya mawe?"

"Wapo. Mmoja ninaye nyumbani, juu ya meko."

"Na wanawake, kura, ni kweli?"

"Kweli kabisa! Sisi ndio tuliotangulia."

Corinne akamtupia Orrin jicho la pembeni, na Orrin akaanza kupumua. Ndipo Otis akachomoa kibali chake mfukoni.

"Na sungura mwenye pembe, je?"

Bibi hakupepesa hata ukope. "Nimefuga wawili," alisema. "Jike ndilo linaloimba vizuri."

Orrin alitamani mwamba upasuke ummeze.

"Nyote mko hivyohivyo!" Corinne alipiga kelele, akakimbilia upande wa pili. Bibi akabaki ameduwaa, sandwichi mkononi. Orrin akamwachia bibi huyo Otis, akamfuata msichana, akakaa hatua mbili kutoka alipo.

"Nilikosea," alisema. "Huku tunamtania mtu tukishamhesabu wetu. Ningesubiri na wewe uamue kwanza kama mimi ni wako."

Corinne alikuwa akitazama uwanda. "Utamwacha mama?"

"Hapana."

"Ushahidi?"

Orrin alitafuta. Samaki wana mawe yao, wanawake wana tarehe yao. Kwa hili hakuwa na kitu. Mzaha ulimfika kwenye ncha ya ulimi, akaumeza, na kuumeza huko ndiko kulikokuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule.

"Sina," alisema. "Nakuambia tu kwamba siondoki."

Msichana akageuka kumtazama.

"Siwezi kukuamini leo."

"Najua."

"Itabidi nikuangalie kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Miaka," alisema Corinne. "Labda mpaka nimalize sekondari."

Orrin aligeuza uso haraka kuelekea upepo unakotoka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Vumbi," alisema.

"Uongo," alisema Corinne, akamsogelea.