Mgeni Aliyekwama kwenye Changarawe

Meli ya moshi ilikwama chini kidogo ya uzio wa nguzo ambao mjomba wangu Hakaraia alinasia mikunga, samaki warefu kama nyoka, siku tuliyokuwa tunasuka migono ya kutegea. Tulikuwa tunangoja mvua kubwa ya kwanza kabla ya baridi. Kwa mvua hiyo mikunga hushuka mto Whanganui kwenda baharini, mara moja tu kwa mwaka. Ukiwakosa, utakula viazi hadi majira ya joto, na ukifiwa huna cha kuwawekea wageni.

Binamu yangu Ngahina akacheka. "Oneni, kuku wa wazungu anaatamia mawe!"

"Nyamaza," mjomba akasema. "Mgeni akikwama mbele ya mlango wako ni wako. Leteni kamba."

"Mjomba, hao ndio wanaosema uzio wetu unawazibia njia!"

"Nimesema kamba."

Tuliomba kwanza, kama ilivyo desturi. Kapteni alipiga honi katikati ya sala, na mjomba akairefusha makusudi. Kisha tukavuta, watu ishirini, maji yakitufika kifuani, mpaka meli ikapita kwenye mlango wa mitumbwi kando ya uzio.

Wiki iliyofuata walikuja watu sita wenye misumeno, pamoja na askari na barua. Niliisoma mimi, kwa sababu jioni nilikuwa najifunza kusoma kanisani. Kapteni aliandika kwamba meli inaweza kupita pale, kinachobana ni nguzo tu, na kwamba wenyeji wenyewe walimvuta kwa furaha. Chini yake serikali ilikuwa imeamuru nguzo zikatwe.

"Kwa furaha?" Ngahina akamgeukia mjomba. "Ulifurahi, mjomba?"

"Nililowa."

Tulisimama majini mbele ya nguzo alizozisimika babu yake mjomba. Askari walitutoa mmoja mmoja. Misumeno ilimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi mvua ikanyesha. Mikunga walipita katikati ya mto uliokuwa wazi, na migono tuliyoitega kandokando ilinasa saba. Wa kwanza mjomba alimrudisha mtoni, kama inavyopaswa. Wakabaki sita, kwa kijiji kizima.

Mwezi haujaisha, honi ikalia tena. Meli ilikuwa imekwama palepale, vibaya zaidi. Nguzo zetu ndizo zilizokuwa zikisukuma maji katikati yazoe changarawe. Sasa changarawe ilikuwa imetanda mto mzima.

Mjomba aliingia majini akamweleza kapteni hivyo. "Turuhusu turudishe nguzo, nawe utapata njia."

"Si amri yangu, mzee. Andikeni barua."

"Kwa nani?"

Kapteni akafikiri. "Kwa kweli sijui. Mjini huko."

Mjomba alirudi ukingoni. Ngahina alikuwa ameikalia kamba, mikono kifuani.

"Sitoki," akasema. "Waambie nao waandike barua."

"Inuka, mwanangu."

"Unataka kuwavuta tena?"

"Sitaki. Lakini wamekwama mlangoni kwangu, na mimi bado ni mimi. Inuka."

Akainuka, akaipiga kamba teke kuelekea kwangu. Tangu misumeno ile nilikuwa namwomba Mungu aniondolee hasira, na alikuwa hajaniondolea. Mjomba alisali maneno machache kuliko siku zote. Nikaitikia amina, meno yameumana, tukavuta.